Presha bila tone la damu: namna ya kuipima kando ya Ziwa Mweru na kuielewa namba yake

Kipimo cha shinikizo la damu hakichomi, hakichukui damu, na humalizika ndani ya dakika chache. Hata hivyo kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakimbizi wanaoishi wilayani Nchelenge nchini Zambia, kama ilivyo kwa wengine wengi duniani, ni rahisi namba hiyo kujulikana ikiwa madhara yamekwisha kutokea. Makala haya yanaeleza kipimo hicho kinavyofanya kazi, kinapodanganya, na mgonjwa anavyoweza kukifanya kiwe mali yake.

Mambo makuu

- Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili. Njia ya kulijua ni kupima.
- Namba hupanda au kushuka kwa sababu ya mkao, mazungumzo au mkanda usiolingana na mkono, kwa hiyo ugonjwa hauamuliwi kwa kipimo kimoja.
- Saa na pete za kisasa zisizo na mkanda wa kujazwa hewa bado hazipaswi kutegemewa kutambua ugonjwa.

Ugonjwa usiobisha hodi

Nchelenge, katika Jimbo la Luapula, ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoelemewa sana na malaria. Mzazi wa huko hahitaji kuelezwa utaratibu: mtoto akipata homa hupelekwa kituoni, huchomwa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipimo, na baada ya muda mfupi jibu hupatikana. Homa yenyewe ndiyo iliyomsukuma mzazi kutoka nyumbani.

Shinikizo la juu la damu halina mjumbe wa namna hiyo. Mtu anaweza kuvuta nyavu usiku kucha, akabeba gunia la dagaa asubuhi na kulala usingizi mzuri, huku mishipa yake ikiumia polepole kwa miaka mingi. Jambo la kwanza analolihisi huenda likawa kiharusi, mshtuko wa moyo au figo kushindwa kufanya kazi. Kuumwa kichwa, kuwa na mawazo mengi au kuwa mwepisi wa hasira si kipimo. Wengi wenye shinikizo la juu hawaumwi kichwa, na wengi wanaoumwa kichwa hawana tatizo hilo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79 wana shinikizo la juu la damu, na theluthi mbili yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu yao, yaani asilimia 46, hawakuwa wakijua. Ni takriban mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amelidhibiti. Nchini Zambia, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watano ana shinikizo la juu.

Ziwa moja, pande mbili

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili wa eneo hilo. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita katikati ya Ziwa Mweru, na jina la Kilwa lipo pande zote mbili: kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, na mji wa Kilwa uko Kongo, katika mkoa wa Haut-Katanga. Mwaka 2017 mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya watu kuingia Zambia. Wengi walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge.

Anayekimbia vita hubeba watoto na kile anachoweza kukishika. Daftari la kliniki na pakiti ya vidonge aghalabu hubaki nyuma. Akifika ng'ambo hukuta Kibemba sokoni na Kiingereza hospitalini. Ugonjwa ambao Kongo huitwa tansio na Tanzania presha, kadi ya Zambia huuandika kwa jina jingine kabisa. Kinachobaki vilevile pande zote mbili za ziwa ni namba. Maandishi 160/100 yana maana ileile Pweto, Kashikishi na Dar es Salaam. Ndiyo sababu kuzielewa namba hizo ni msaada mkubwa kwa mtu anayeishi katikati ya lugha nyingi.

Namba mbili zinasema nini?

Moyo ni pampu. Unapojibana husukuma damu kwenye mishipa, na msukumo huo katika kilele chake ndio namba ya juu, yaani ile inayoandikwa kwanza. Moyo unapolegea ili ujae tena, damu iliyomo mishipani huendelea kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu ndogo zaidi. Hiyo ndiyo namba ya chini. Zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa sababu mashine za zamani zilionesha shinikizo kwa urefu wa nguzo ya zebaki ndani ya bomba la kioo.

Kwa mtu mzima anayepimwa kliniki, mpaka unaotumiwa na WHO ni 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini. Inatosha moja kati ya hizo kufikia mpaka wake katika siku mbili tofauti ili mtu ahesabiwe kuwa na shinikizo la juu. Anayepima mwenyewe nyumbani, akiwa ametulia, mpaka wake huwa chini kidogo: wastani wa 135 kwa 85.

Kutoka kwenye koo la farasi hadi mkono wa binadamu

Kipimo cha kwanza kinachojulikana hakikuwa cha upole. Mwaka 1733 kasisi na mwanasayansi wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha taarifa ya majaribio ambamo aliingiza bomba kwenye mshipa wa farasi na kutazama damu ikipanda zaidi ya mita 2 ndani ya kioo. Ilikuwa njia ya kweli, lakini hakuna mgonjwa ambaye angeikubali.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1896 na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci. Alifunga mkanda wa mpira kwenye mkono, akaujaza hewa hadi mapigo ya kifundo cha mkono yakatoweka, kisha akaipunguza hewa hiyo hadi yaliporudi. Shinikizo la hewa lililotosha kuuziba mshipa lilikuwa sawa na shinikizo la damu lililokuwa likishindana nalo. Namba ya juu ikapatikana bila kukata ngozi.

Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, alieleza jinsi ya kuipata na namba ya chini. Aliweka kifaa cha kusikilizia mapigo chini ya mkanda. Mshipa ukizibwa kabisa hakuna sauti. Hewa ikipungua, damu hupenya kwa vishindo, na kishindo cha kwanza ndicho namba ya juu. Mshipa unapofunguka kabisa, sauti hunyamaza, na hapo ndipo namba ya chini ilipo. Muuguzi anayesikiliza mkono wa mgonjwa leo anafanya kile alichokieleza Korotkoff.

Zebaki yenyewe inaondoka. Ni sumu, na Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimo vya aina hiyo. Nafasi yake imechukuliwa na saa yenye mshale na mashine za kielektroniki. Mashine hizo hazisikilizi. Mkanda unapolegea, huhisi mitetemo midogo inayosababishwa na mapigo, hutafuta mahali mitetemo ilipo mikubwa zaidi, kisha hukokotoa namba mbili kwa kanuni ya mtengenezaji. Kwa sababu hiyo, mashine mbili zinaweza kutofautiana, na mtu ambaye mapigo yake hayana mpangilio anaweza kupata namba zisizoaminika. Mashine ya kununuliwa iwe imethibitishwa kwa majaribio huru, na iwe ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo wala ya kidole.

Kipimo kinapodanganya

Kosa la kawaida haliko ndani ya mashine bali katika namna mtu anavyoketi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2024, uliwapima watu wazima 133 mkono ukiwa katika hali tatu. Ukilinganishwa na mkono uliotegemezwa mezani, mkono uliolazwa pajani ulizidisha namba ya juu kwa wastani wa takriban 4, na ulioachwa ukining'inia ubavuni kwa karibu 7. Kwa mtu aliye karibu na mpaka, tofauti hiyo inatosha kumwanzishia dawa asizozihitaji.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba, na mkanda mkubwa kupita kiasi kwenye mkono mwembamba huipunguza. Kibofu kilichojaa, miguu iliyopishanishwa, sigara au kahawa ya muda mfupi uliopita, na kuzungumza wakati wa kupimwa, vyote huipandisha. Mtu aliyetembea kwa miguu kilomita kadhaa juani hadi kituoni, akapimwa papo hapo, amepimwa safari yake pamoja na moyo wake.

Utaratibu unaotoa namba ya kuaminika ni mwepisi:

- Kukojoa kwanza, kisha kuketi kimya kwa dakika 5.
- Mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili ikanyage chini.
- Mkono uwe wazi, si juu ya shati wala sweta, na utegemezwe mezani usawa wa moyo.
- Kutozungumza, na anayepima naye asiulize maswali.
- Kupima angalau mara 2, kwa kuachana dakika 1, na kuandika namba zote pamoja na tarehe.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji fedha. Linalohitajika ni kiti, meza na subira, na mgonjwa anayo haki ya kuomba kwa heshima apumzike kidogo kabla ya kupimwa.

Taa tatu kwa mahali pasipo umeme

Mashine nyingi zilibuniwa kwa hospitali zenye umeme wa uhakika na wahudumu wa kutosha. Watafiti wa King's College London walikusudia kinyume chake. Kifaa chao, kinachojulikana kwa jina la CRADLE, hujazwa hewa kwa mkono, huchajiwa kwa waya wa chaja ya simu, na huonesha taa tatu pamoja na namba. Kijani ni salama. Njano huwaka shinikizo linapofikia 140 kwa 90. Nyekundu huwaka linapofikia 160 kwa 110, yaani hatari ya haraka. Aidha, kifaa hulinganisha mapigo na shinikizo ili kumtambua mama anayepoteza damu nyingi, ambaye shinikizo lake linashuka badala ya kupanda.

Wajawazito ndio waliolengwa. Shinikizo linalopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Kifaa hicho kilijaribiwa katika maeneo 10 ya Afrika, India na Haiti, yakiwemo Lusaka na Ndola nchini Zambia, kati ya mwaka 2016 na 2017. Jaribio lilihusu uzazi zaidi ya 536,000, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019.

Matokeo hayo yana funzo. Matukio ya vifo, kifafa cha mimba na upasuaji wa dharura wa kuondoa kizazi yalipungua kwa ujumla, lakini watafiti walipozingatia mabadiliko yaliyokuwa yakitokea hata bila kifaa, hawakuweza kuthibitisha kwamba kifaa ndicho kilicholeta nafuu hiyo. Taa nyekundu humwambia mhudumu kwamba mama yumo hatarini. Haimletei dawa, wala haimletei mashua ya kumvusha kutoka kisiwani usiku. Kipimo huokoa pale tu kinapofuatwa na hatua.

Saa, pete na simu

Vijana wengi sasa huvaa saa zinazodai kupima shinikizo bila mkanda. Nyingi humulika ngozi kwa mwanga na kusoma mabadiliko ya damu kila pigo linapopita, kisha hukisia shinikizo kwa hesabu za programu. Kuhesabu mapigo kwa njia hiyo hufanya kazi vizuri kiasi. Kukisia shinikizo ni jambo jingine. Mwaka 2022 Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ilishauri vifaa visivyo na mkanda visitumike kutambua ugonjwa wala kuamua dawa.

Watu wenye ngozi nyeusi wana sababu ya ziada ya kuwa na tahadhari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 kuhusu vifaa vya kidoleni vinavyopima oksijeni kwa mwanga ulionesha kwamba vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Hicho ni kipimo cha oksijeni, si cha shinikizo, lakini kinakumbusha kwamba kifaa kinachotegemea mwanga kinapaswa kujaribiwa kwa watu wa rangi zote kabla ya kuaminiwa na wote.

Kuutazama moyo bila kuufungua

Shinikizo ni sehemu tu ya habari za moyo. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, na saa yenye mshale wa sekunde, hutosha kuhesabu mapigo. Kwa mtu mzima aliyetulia, ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mapigo yanayoruka-ruka bila mpangilio yanastahili kuchunguzwa hospitalini kwa kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kwa sababu huweza kusababisha damu kuganda na kuleta kiharusi.

Mawimbi ya sauti yaliyozoeleka kumwonesha mtoto tumboni huonesha pia vali za moyo. Nchini Uganda watafiti waliwapima kwa njia hiyo watoto na vijana 102,200 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, wakiwatafuta waliokwisha kuharibiwa vali na homa ya baridi yabisi bila kujua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba miongoni mwa waliogunduliwa na kuchomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka 2, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 tu. Kwa wasiochomwa ilikuwa asilimia 8.2. Hapa kipimo kilifuatwa na dawa rahisi, na tofauti ikaonekana.

Chumvi ya samaki

Kando ya Ziwa Mweru samaki ni chakula, mshahara na akiba. Dagaa wadogo waitwao chisense huanikwa juani. Samaki wakubwa hubanikwa kwa moshi au kutiwa chumvi, na makayabo hayahitaji kutambulishwa kwa Mkongo yeyote. Chumvi nyingi huufanya mwili ubakize maji, maji huongeza ujazo wa damu, na shinikizo hupanda. WHO hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari ndani ya chakula.

Hilo halimaanishi kuacha samaki. Dagaa waliokaushwa bila chumvi wanafaa kuliko waliotiwa chumvi. Makayabo yakilowekwa na maji yakabadilishwa mara kadhaa, sehemu kubwa ya chumvi huondoka. Vidonge vya kuungia mchuzi navyo ni chumvi kwa jina jingine.

Namba ya kuvuka nayo mpaka

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ni miezi migumu mifukoni, lakini ndiyo miezi ambayo wavuvi hupatikana nchi kavu. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kupimwa, huo ni wakati mwafaka wa kufika kituo cha afya cha karibu.

Anayegunduliwa na shinikizo la juu hahitaji kumngoja daktari bingwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unaruhusu wauguzi na wafamasia waliofunzwa kutoa na kufuatilia dawa chini ya usimamizi. Dawa kama amlodipini ni za zamani, hazina hakimiliki, na ziko katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kosa linalorudiwa na wengi ni kuziacha namba inaposhuka, kwa kudhani wamepona. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa, na zikiachwa hupanda tena kimyakimya.

Zipo dalili ambazo hazingoji kliniki ya kesho: mdomo kupinda, mkono au mguu upande mmoja kulegea ghafla, ulimi kuwa mzito, maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi. Kwa mjamzito ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au uso kuvimba ghafla. Hapo ni hospitali moja kwa moja, na wilayani Nchelenge Hospitali ya Misheni ya St. Paul's ndiyo tegemeo la wengi.

Kwa siku za kawaida, kinachohitajika ni karatasi moja yenye tarehe, namba mbili, idadi ya mapigo, jina la dawa na kipimo chake, ikitunzwa pamoja na kitambulisho ndani ya mfuko usioingia maji. Mwenye karatasi hiyo akivuka ziwa kwenda Kilwa ya Kongo, au akirejea Mantapala, muuguzi wa upande wowote ataisoma bila mkalimani na kuendelea pale mwenzake alipoishia.